Maswali ya Wasomaji: Wavamizi wa Angani Katika Mchezo wa Sauti

Swali: Poleni na kazi. Mchezo wetu wa sauti unahusu dada wawili wanaosafiri kati ya zama tatu: mwaka huu, Desemba 1961 na mwaka 2090 ili kuwazuia wavamizi wa angani wasiuteke Mlima Kilimanjaro. Tuliowasikilizisha wanasema wanapotea, hawajui tupo mwaka gani. Tuweke msimulizi?
*Kikundi cha vijana, Majengo, Moshi*

Jibu: Msimulizi asubiri kwanza. Msikilizaji haoni nguo wala magari, kwa hiyo kila zama ipewe sauti yake ya chinichini isiyosikika katika zama nyingine yoyote. Stendi ya leo ina bodaboda na wapiga debe. Mwaka 1961 mpeni filimbi ya treni, kwa kuwa reli ilifika Moshi tangu 1911, na redio inayokwaruza dukani. Mwaka 2090 ondoeni injini zote, ubaki upepo na mvumo mmoja mwembamba. Sauti hiyo ianze sekunde 4 kabla ya neno la kwanza, kisha ishuke hadi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 au 18 chini ya mazungumzo. Ikiachwa juu, inameza maneno. Ikikatwa ghafla, msikilizaji anadhani wahusika wamehama.

Kisha pitieni mswada neno kwa neno. Desemba 1961 hakuna anayesema "Tanzania": nchi ni Tanganyika, na jina jipya lilikuja Oktoba 1964. Moshi ipo Jimbo la Kaskazini. Dada mkubwa akitoa shilingi ya Tanzania kununua maandazi, muuzaji aikatae, maana fedha hiyo ilianza 1966 na pale sokoni inatumika shilingi ya Afrika Mashariki. Kosa kama hilo likifanywa na mhusika, ni tukio zuri. Likifanywa na mwandishi, wazee wa Moshi watalinasa mara moja.

Mkiwapeleka kileleni usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alipowasha mwenge, kumbukeni kuwa mita 5,895 juu hewa ni nyepesi mno. Mtu hasemi sentensi ndefu huko: maneno manne au matano, pumzi, kisha mengine. Waigizaji wapande ngazi haraka kwa dakika moja kabla ya kurekodi. Kuhema kwa kuigiza hujulikana. Hatua kwenye theluji ni nusu kilo ya wanga wa mahindi, ule mweupe wa kufanya mchuzi uwe mzito, ndani ya mfuko wa ngozi. Ubinyeni kwa mkono, sentimita 15 kutoka kwenye maiki.

Swali: Viumbe wetu wana sauti nzito tuliyoishusha kwa kompyuta, lakini hakuna anayeelewa wanachosema. Je, maiki yetu ni mbovu?
*Msomaji wa Sakina, Arusha*

Jibu: Maiki haina kosa. Ukishusha sauti kwa semitoni 12 (semitoni ni hatua ndogo ya uzito au wembamba wa sauti katika muziki) unashusha kila kitu pamoja, zikiwemo s, t, k na ch ambazo ndizo zinazotenganisha maneno. Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi: "atakuja" na "hatakuja" zinatofautiana kwa pumzi moja tu, na pumzi hiyo ikipotea hadithi imegeuka.

Mwigizaji aseme polepole, kila silabi wazi. Nakili rekodi yake. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili ishushe semitoni 4 au 5, icheleweshe milisekunde 20, na ipunguze desibeli 6. Kama unatumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, weka Tremolo, yaani kitetemesha sauti, ya hezi 30 (mara 30 kwa sekunde) kwenye ile ya pili peke yake. Kwa kasi hiyo sikio haliwezi tena kuhesabu mitetemo, linasikia ukwaruzi usio wa kibinadamu. Mwangwi mrefu achana nao, unafunika silabi zinazofuata. Mwisho mpe mtu asiyejua mswada asikilize kwa spika ya simu na aandike alichosikia. Asipopata sentensi nzima, punguza sauti ya nakala ya pili.

Swali: Mlio wa mashine ya wakati na wa silaha tuupate wapi bila gharama?
*Msomaji wa Njiro, Arusha*

Jibu: Msichukue tu mtandaoni, milio mingi ya huko ina wenyewe. Mwaka 1963 Brian Hodgson wa BBC aliburuza ufunguo kwenye nyuzi nene za piano kuukuu, na ndiyo ikawa mashine ya wakati ya tamthilia yao ya Doctor Who. Gitaa linatosha. Legezeni uzi mnene, simu inayorekodi ilale juu ya mbao, buruzeni ufunguo polepole kwa sekunde 6, kisha punguzeni kasi kwa nusu. Hiyo ni kuondoka. Mkiigeuza nyuma-mbele, ni kuwasili.

Kwa silaha, gongeni kwa spana waya mrefu wa uzio uliokazwa, mita 20 au zaidi, simu ikiwa imebanwa kwenye nguzo ya mwisho. Ndani ya waya sauti nyembamba hutangulia zile nzito, ndiyo maana mlio unaanza juu na kuporomoka. Waya zinazoshikilia nguzo za umeme msiziguse kabisa.

Swali: Tunataka sehemu ya kwanza ianze kama taarifa ya dharura ya kweli, bila kusema ni mchezo, tuisambaze WhatsApp. Mnashauri nini?
*Msomaji wa Kijenge, Arusha*

Jibu: Muundo wa taarifa ya habari ni mzuri sana, lakini onyo lazima liwepo. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles aliigeuza riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, inayohusu wavamizi kutoka Mars, kuwa taarifa za redio kupitia CBS, Marekani. Baadhi ya wasikilizaji waliamini, ingawa magazeti yaliikuza hofu hiyo. Hadithi hiyohiyo ilipotangazwa redioni Quito, nchini Ecuador, Februari 1949, mambo yalikuwa mabaya zaidi: umati uliogundua umedanganywa ulichoma jengo la kituo, na watu wakafa.

Onyo la mwanzoni peke yake halitoshi, kwa sababu kwenye WhatsApp kipande cha sekunde 30 hukatwa na kusafiri bila mwanzo wake. Ingizeni ubunifu ndani ya maneno yenyewe. Mtangazaji ataje kituo cha kubuni kwenye masafa ya 113.4, maana FM inaishia 108, na aseme tarehe ya mwaka 2090 kila baada ya taarifa mbili. Msitaje idara wala hospitali iliyopo. Na Mlima Meru usilipuke: ni volkano ya kweli, ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na watu wanaishi miguuni pake. Mishale ya Mnara wa Saa ikianza kurudi nyuma, wasikilizaji wa Arusha watapata hofu ya kutosha, na hakuna atakayefungasha mizigo.