Maswali ya Wasomaji: Mbawakawa wa Msitu wa Amani

SWALI: Klabu yetu ya mazingira, wilayani Muheza, inataka kulinganisha mbawakawa wa msitu wa Amani na wale wa mashamba ya chai. Tulifukia vikombe ardhini, tukaambulia maji ya mvua na siafu. Tumekosea wapi? – Mwalimu mlezi

JIBU: Mwalimu, anza na ukingo wa kikombe. Ukichomoza hata kidogo, mdudu anaugusa na kuuzunguka. Uwe chini kidogo ya uso wa ardhi, udongo ushindiliwe pembeni kwa vidole. Weka vikombe viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani ndicho cha kutoa, shimo lisibomoke. Juu funika kwa sahani ya plastiki kwenye vijiti, sentimita 10 hivi kutoka ardhini. Maji yafike theluthi, na matone machache ya sabuni isiyo na harufu, la sivyo wadudu wataelea na kutoka. Siafu wakivamia, hamisha mtego. Hakuna dawa nyingine.

Kwa tutamavi (mbawakawa wanaokula kinyesi), funga kinyesi kibichi cha nguruwe, saizi ya ndimu, kwenye kipande cha chandarua, ukining'inize juu ya kikombe. (Vaeni glavu.) Cha ng'ombe msituni huvuta wachache. Kusanyeni baada ya saa 24, maana chambo kikikauka harufu hufifia. Mitego 10 msituni na 10 kwenye chai, mita 50 kati ya mmoja na mwingine, siku zilezile. Mkiiweka karibu karibu, itanyang'anyana wadudu. Lebo ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti ya kuhifadhia wadudu.

Onyo moja kubwa: msilinganishe idadi ya aina peke yake. Kando ya msitu mnaweza kupata aina nyingi kuliko ndani, nyingi zikiwa zile zinazopatikana kila mahali. Wa kuwatafuta ni wale wasiotoka msituni. Katika milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, wapo mbawakawa wa ardhini ambao mbawa zao za kurukia zimedumaa. Huyo havuki shamba la chai lenye jua kali, na kipande chake cha msitu kikikatwa hana pa kwenda. Orodha yenye aina 12 za namna hiyo ina uzito kuliko 30 za kando ya barabara.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, kwa hiyo pateni kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

SWALI: Kamati ya msitu wa kijiji inataka kuondoa magogo yaliyoanguka, msitu uwe safi. Ni sawa? – Msomaji, Lushoto

JIBU: Hapana. Mabuu ya mbawakawa wengi hula mti unaooza, na baadhi hukaa humo zaidi ya mwaka kabla ya kukomaa. Acheni magogo manene, hasa yenye kivuli na yanayogusa udongo. Yakiburutwa juani hukauka na mabuu hufa. Msiyapasue kuangalia kilichomo. Kuni zitoke kwenye matawi membamba yaliyokauka.