Mradi ukifungwa, ubaki na nini mkononi?

Juzi msichana mmoja kutoka Obunga alinijia hapa soko la Kibuye, Kisumu, nikiwa katikati ya kushona, akaniuliza: "Dada, nikipata zile elfu ishirini na tano za kwanza za NYOTA, ninunue nini?" NYOTA ni mradi wa serikali ya Kenya unaowapa vijana ruzuku ya biashara. Nikamuuliza yeye anajua kushona nini. Akanyamaza. Nikamvutia kigoda tukaongea mpaka jua likapungua, na mengi niliyomwambia ndiyo haya ninayoyaandika, maana najua wako wengi Manyatta, Nyalenda na hata Nakuru wenye swali hilohilo.

Mimi niliingia katika mradi wa KYEOP mwaka 2019. Ulikuwa mradi wa serikali ya Kenya uliogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti zake. Ulikuwa wa kuwafundisha kazi vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi, waliosoma mpaka kidato cha nne au chini yake. Neno "mkopo" nalisema makusudi. Mtaani tunaziita pesa za wazungu, tunazitumia kama vitu vya kuokota. Kijana anayefundishwa harudishi hata shilingi, ni kweli, lakini nchi inarudisha, na mama anayeuza omena hapa sokoni anachangia kila anaponunua kitu chenye ushuru. Ukilielewa hilo huwezi kuzichezea.

Mafunzo ya darasani yalikuwa mazuri: kuweka hesabu, kuongea na mteja, kujiheshimu. Siyadharau. Ila kilichonibadilisha ni miezi niliyokaa kwa fundi.

Fundi wangu alikuwa mama wa makamo mwenye cherehani mbili za kukanyaga kwenye baraza ya duka kule Kondele. Siku ya kwanza hakunipa kitambaa. Alinipa shati la shule lililokwisha kushonwa, akaniambia nifumue kola kisha niirudishe. Nikarudisha. Akalinyanyua kwenye mwanga: "Ncha moja imelala, nyingine imesimama. Fumua." Kola ile niliifumua mara tisa kwa siku mbili, mpaka kitambaa kikaanza kulegea. Nililia njiani nikirudi nyumbani. Mara ya kumi aliitazama, hakusema kitu, akanipa sketi.

Na hapo kwenye sketi ya marinda ndipo nilipojua kuwa kuwa na cherehani ni kitu kimoja na kuwa fundi ni kingine. Kila rinda hula kitambaa mara tatu ya upana unaoonekana kwa nje. Sketi ikiwa na marinda 24, ukikosea nusu sentimita tu kwa kila rinda, kiuno kimeharibika kwa sentimita 12 na mtoto atavaa gunia. Mama yule hakuwa akipima marinda kwa futi. Alikuwa na kipande cha kadi ngumu alichokata kwenye boksi la sabuni, akikiweka, anapiga chaki, anakunja, anakisogeza. Alisema mkono huchoka na jicho hudanganya ifikapo saa kumi jioni, lakini kadi haichoki. Mpaka leo nina kadi yangu. Hakuna semina ya hotelini ingenipa kitu kile.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukiingia katika mradi wowote, ng'ang'ania kupelekwa kwa fundi wa kweli mwenye wateja wa kweli. Ukipangiwa mtu ambaye kutwa nzima hana kazi mezani, nenda ofisini mapema uombe kubadilishiwa. Wengi huogopa kuonekana wakorofi. Miezi ikishapita hairudi, na posho ya kila mwezi itakuwa imeshaliwa.

Sasa pesa. Baadaye nilipata ruzuku ya shilingi 40,000 kutoka mradi mwingine wa vijana, ikaja kwa awamu mbili. Zile 20,000 za kwanza nilizitumia vibaya, na bado zinaniuma. Nilikodi chumba kinachotazama barabara kuu, kodi na amana vikala 9,000. Bango la rangi mbili, 3,500. Zilizobaki zikaenda kwenye vitambaa. Cherehani nilikuwa nayo, ya shangazi, lakini sikuwa na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, na sare isiyopigwa ovaloki huanza kutoa nyuzi hata likizo ya Aprili haijafika. Nikawa napeleka kila sare kwa jirani anipigie kwa shilingi 30. Wiki yenye sare 60 nilikuwa natoa 1,800. Chumba kilipoingia mwezi wake wa tatu nikakifunga, nikarudi barazani kwa fundi wangu, nikawa namlipa 1,000 kwa mwezi ili niweke cherehani yangu kando ya zake.

Awamu ya pili ilipokuja nilinunua ovaloki ya mtumba kwa 14,000, uzi na zipu kwa 2,000, na 4,000 nikaziweka kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, soko la sare lilikufa siku moja, na ovaloki ile ndiyo ilinilisha: nilishona barakoa usiku na mchana.

Ndiyo maana nilimwambia yule msichana: angalia ni kazi gani leo unampelekea mtu mwingine akufanyie kwa malipo. Mashine ya kazi hiyo ndiyo ununue kwanza. Chumba na bango vitakuja. Na kama ni NYOTA, usipange bajeti ya 50,000. Zinakuja kwa awamu mbili za 25,000, na katika kila awamu 3,000 huwekwa kwenye akiba ya Haba Haba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mkononi unapata 22,000. Hesabu yako ianzie hapo. Tena kuomba nafasi ni bure. Yeyote anayekutaka umtumie "kitu kidogo" ili jina lako lipite anakuibia, hata kama ni mtu mnayeheshimiana mtaani.

Cheti nacho ni mali. Mimi nilifanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, na karatasi ile imenifungulia milango ya walimu wakuu ambao bila hiyo wasingenisikiliza. Wako vijana hapa, kama binamu yangu anayetengeneza pikipiki kule Nyamasaria, wana ujuzi wa miaka sita na hawana hata karatasi moja. Tangu 2024 Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa kile unachokijua, bila kurudi darasani, unapewa cheti. NYOTA pia ina fungu la kugharamia upimaji huo. Kama wewe ni fundi tayari, ulizia hilo kabla hujaulizia ruzuku.

Kisha kuna jambo ambalo sikufundishwa na mtu. Mwishoni mwa 2024 shirika moja linalosaidia watoto yatima liliniagiza sare 180. Oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Sikudai arbuni, kwa sababu niliona ni shirika la wafadhili, pesa ipo. Nikakopa kwenye chama, nikanunua kitambaa, nikakata chote. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani, Donald Trump, alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Wiki ile ile nilipigiwa simu: oda imesimama. Haikurudi tena. Ilipofika tarehe 1 Julai, USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa. Majirani zangu waliokuwa wakilipwa mishahara na miradi ya afya walibaki nyumbani, na hao ndio waliokuwa wakinishonesha magauni ya harusi na ya kanisani. Kwa hiyo nilipigwa mara mbili.

Sare zile nilizimaliza kwa kuwauzia wazazi mmoja mmoja, shilingi 200 leo, 150 Ijumaa, kwa mihula mitatu. Deni la chama nililipa. Lakini tangu siku hiyo mkasi haugusi kitambaa kabla arbuni ya kitambaa haijaingia, awe mteja ni shirika au ni mama mkwe. Na sikubali mteja mmoja awe zaidi ya theluthi ya kazi yangu. Kama wewe ni kikundi cha vijana, sajilini biashara, mpate cheti cha kodi, mjiandikishe AGPO, mpango wa serikali wa kugawa zabuni, maana asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini hata huko, msiweke mayai yote kwa ofisi moja. Malipo huchelewa, na kodi ya nyumba haichelewi.

Nina neno pia kwa wanaopanga miradi hii, wawe Nairobi, Washington au Berlin. Mlipeni fundi vizuri. Yeye ndiye chuo chenyewe, na akipokea wanafunzi wanne kazi yake ya siku inapungua nusu. Punguzeni semina, ongezeni mashine. Na rudini. Afisa wa mradi ulionipa ruzuku alikuja mara moja, akapiga picha ya bango langu, akaenda. Miezi miwili baadaye bango lilikuwa limeshushwa, na katika ripoti yake nadhani bado liko juu. Angekuja baada ya mwaka angenikuta barazani Kondele na ovaloki yangu, na hicho ndicho kilichostahili kupigwa picha. Kitabu changu cha oda kiko chini ya meza hii, kimeandikwa tangu 2020, majina na vipimo na aliyelipa na aliyebakiza. Anayetaka kujua kama pesa ile ilifanya kazi, aje nimfungulie.