Siku moja ya sakura ukiwa Osaka: panda mlima Yoshino

Mkuu, umesema utakuwa Osaka kikazi mwezi wa nne, una siku moja tu ya mapumziko kati ya tarehe 10 na 12, na unataka kuona sherehe ya maua ya sakura, yaani mcheri wa Kijapani, asubuhi uende, jioni urudi hotelini. Wadau wengi wamekutajia bustani za palepale mjini. Mimi nimeishi Osaka misimu miwili ya maua, na kwa tarehe hizo nakwambia nenda Yoshino, mkoa wa Nara.

Sakura nyingi za mjini ni za aina moja, Somei Yoshino. Huzalishwa kwa kubebesha, kama tunavyobebesha miembe, kwa hiyo ni kama mti mmoja uliorudiwa mara maelfu: yote huchanua pamoja na kupukutika pamoja. Wiki moja hivi, basi, na mvua ikipiga hata hiyo wiki haifiki. Mwaka wangu wa kwanza nilingoja Jumamosi kwa sababu ya masomo. Ijumaa ikanyesha usiku kucha. Nilipofika bustanini maua yalikuwa chini, yameloa, yamenata kwenye soli za viatu vya watu. Iliniuma sana, maana sikuwa na hakika kama mwaka unaofuata ningekuwa bado Japani.

Jina hilo lisikuchanganye. Somei Yoshino asili yake ni Edo, yaani Tokyo ya leo. Mlima Yoshino wenyewe una sakura za mwituni, yamazakura, na hizo hazifanani. Mti huu maua yake karibu meupe, jirani yake ana wekundu wa mbali, na majani machanga yenye rangi ya shaba hutoka pamoja na maua. Iko miti kama 30,000, kwa ngazi nne kutoka bondeni hadi juu: Shimo Senbon, Naka Senbon, Kami Senbon na Oku Senbon. Senbon ni miti elfu. Maua huanza chini, kisha yanaupanda mlima siku kwa siku. Ukichelewa bondeni, utayakuta juu. Ndiyo maana naliamini eneo hili kwa mtu mwenye siku moja.

Treni za kampuni ya Kintetsu zinaondoka kituo cha Osaka Abenobashi hadi Yoshino bila kubadilisha. Ile ya haraka, ambayo kiti chake unalipia tiketi ya ziada, inatumia saa moja na robo hivi. Kata tiketi hiyo mapema, na uwe ndani ya treni kabla ya saa mbili asubuhi. Msimu wa maua kuna mabasi ya kukupandisha. Yatumie, ufike juu kadiri unavyoweza, halafu shuka kwa miguu. Mimi mara ya kwanza nilianzia chini, na nilipofika Kami Senbon miguu ilikuwa imekwisha na jua limeanza kuinama. Ukishuka, simama Hanayagura. Pale unaona bonde zima la maua na paa kubwa la hekalu la Kinpusenji likichomoza katikati.

Hekalu hilo usilipite. Wenyeji wanasimulia kwamba En no Gyoja, mtawa wa karne ya 7, alitokewa na Zao Gongen, mungu anayeabudiwa hapo, mlimani na akachonga sura yake kwenye mti wa sakura. Tangu hapo mti huo ukawa wa ibada, na mahujaji wakawa wanatoa miche kama sadaka, karne baada ya karne. Kwa hiyo unayoyaona si mapambo ya bustani, ni maombi ya watu yaliyoota mizizi. Mwaka 1594 mtawala Toyotomi Hideyoshi alikuja kuyatazama maua hayo na msafara wa watu kama 5,000, na mwaka 2004 UNESCO iliuingiza mlima huu kwenye urithi wa dunia.

Na tarehe zako zimeangukia penyewe: Aprili 10 hadi 12 hekalu hufanya Hanaku Eshiki, ibada ya kumtolea Zao Gongen maua. Nilikuwepo tarehe 11. Kwanza nilisikia mlio mzito kutoka juu ya barabara, kabla sijaona mtu. Wakatokea yamabushi, watawa wa milimani, wakipuliza kombe kubwa za baharini kama baragumu. Nyuma yao watoto waliopakwa poda usoni, wakitembea taratibu huku petali zikiwadondokea mabegani. Mama mmoja pembeni yangu alifumba macho, akaunganisha viganja. Nilishusha simu.

Chakula: nunua kakinoha-zushi, wali wa siki na kipande cha samaki kama kibua au samoni, vimefungwa kwenye jani la mti wa matunda uitwao kaki. Jani haliliwi, unalibandua tu, na harufu yake inabaki kwenye wali. Zamani samaki huyo alitiwa chumvi pwani, akabebwa hadi huku bara.

Beba pesa taslimu kwa ajili ya vibanda, mfuko wa kurudia na taka zako, na koti jepesi, maana Oku Senbon kuna baridi hata jua likiwaka. Tiketi ya kurudi ikate asubuhi hiyohiyo. Jioni foleni ya kituoni ni ndefu na kila mtu amechoka.