Mfupa uliokufa kwenye goti: je, unaweza kugeuka saratani?

Pole dada. Umeuliza kama ile sehemu ya mfupa uliokufa aliyokutwa nayo mdogo wako juu ya goti, kwa sababu ya selimundu (sikoseli, ugonjwa wa seli za damu), inaweza kuwa saratani. Inaweza, lakini ni nadra mno. Wengi wanaishi na mabaka hayo miaka nenda miaka rudi bila kitu kibaya kuota.

Damu ikizibwa isifike kwenye uboho, pale panakufa, na mwili unapazungushia ukuta wa chokaa. Kwenye eksirei utaona mstari mweupe uliojipindapinda kama njia ya mchwa. Mwili haukomi kupakarabati, na inadhaniwa ni katika ukarabati huo ndipo seli huasi. Wapiga mbizi nao hupata mabaka haya, na waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu pia. Visa viwili vya saratani hiyo viliandikwa Marekani mwaka 1960, na hadi leo vinavyojulikana duniani ni vichache.

Cha kumwangalia ni maumivu. Ya selimundu huja na kupoa. Ya saratani hayapoi: yanazidi wiki hadi wiki, yanamwamsha usiku, na pengine uvimbe unajitokeza. Akifika hapo msimpe dawa za maumivu tu mkasubiri, nakusihi. Aombe eksirei mpya ilinganishwe na ile ya zamani (itunzeni, msiitupe!), kisha MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), na kinyama kikatwe kipimwe. Sarkoma hizi (ndizo saratani zinazoota kwenye mfupa huo) ni kali na hukimbilia mapafuni.

Kama goti limetulia, basi aendelee na kliniki yake kama kawaida.