Je, waranti ya kukamatwa huisha muda?

Swali: Wakili, mwaka 2018 nilishtakiwa Nakuru kwa kosa la trafiki nikaachiliwa kwa dhamana ya pesa taslimu. Nikapata kazi Qatar, nikaondoka, na hakimu akatoa waranti. Sasa nataka kurudi. Marafiki wananiambia waranti huisha baada ya miaka mitano. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, si kweli, na tafadhali usisafiri ukitegemea maneno hayo. Kifungu cha 102 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kinasema waranti hubaki na nguvu mpaka itekelezwe, au mpaka mahakama iliyoitoa iifute. Hata hakimu aliyeitia sahihi akihamishwa au akistaafu, amri ni ya mahakama. Na polisi wanaweza kuitekeleza popote Kenya, kwa hiyo kwenda kuishi Mombasa hakutakusaidia.

Watu huchanganya na kifungu cha 219, ambacho kwa makosa madogo sana kinataka mashtaka yafunguliwe ndani ya miezi 12. Muda huo unahusu kufungua mashtaka. Yako yalishafunguliwa.

Ninachokuomba ni usingoje kukamatwa. Katiba, kifungu cha 49, inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, muda husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, basi, utalala seli hadi Jumatatu kwa kosa ambalo pengine lingeisha kwa faini.

Kabla hujaondoka Qatar, mpe wakili nambari ya kesi aangalie faili pale masjala: waranti ilitolewa lini, na dhamana yako imeshachukuliwa na serikali au bado. Kisha nenda kortini mwenyewe, asubuhi, muombe hakimu aiondoe. Beba risiti ya dhamana, pasipoti yenye mihuri ya safari na mkataba wa kazi. Eleza ukweli jinsi ulivyo. Nimeona mahakimu wakimsikiliza kwa upole zaidi aliyejileta kuliko aliyeletwa na pingu, ingawa huenda ukatakiwa kuweka dhamana mpya.

Waranti ikiondolewa, usitoke bila nakala ya amri iliyothibitishwa na korti. Peleka moja kituo cha polisi kilichokabidhiwa waranti ile, na nyingine tembea nayo, kwa sababu karatasi ya zamani inaweza kubaki kwenye faili la kituo na afisa asiyejua akakushika tena.