Kabla Hujaandika "Nzuri": Kwa Vijana Wanaoanza Kukagua Nyumba Goma

Vijana wawili wamenifuata mwezi huu wakiomba niwafundishe kukagua nyumba. Wote ni mafundi wazuri, na wote walidhani kazi hii ni kujua ukuta tu. Niliyowaambia nayaandika hapa, maana najua wapo wengine wanaoitwa kila mara na shangazi au mjomba: "Kijana, wewe ni fundi, njoo uniangalilie nyumba kabla sijatoa pesa."

Naanza na malipo. Mara yangu ya kwanza kukagua ilikuwa nyumba ya mawe huko Keshero, na mnunuzi alikuwa mama muuza vitenge. Nilifika saa sita mchana, mwezi wa saba, jua kali, rangi nyeupe bado inanuka. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, alinipokea kama ndugu yake, akaninunulia soda, na wakati wa kuagana akanitia dola 20 mkononi, eti za pikipiki. Kwenye karatasi ya mama niliandika neno moja: nzuri. Mwezi wa kumi mvua ilipokolea, maji ya parseli (kiwanja) ya juu yakapita chini ya msingi, rangi ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na ufa ukajitokeza kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni. Ulikuwa ufa wa matetemeko ya mwaka 2021, umezibwa kwa saruji na kupakwa rangi. Mama hakunitukana. Aliniita, akanikalisha kwenye kiti mbele ya ule ufa, akaniletea chai. Chai ile ilinishinda kumeza.

Tangu siku hiyo ananilipa mnunuzi mwenyewe, kabla sijaingia, na bei ni ileile anunue asinunue. Komisioneri anakula nyumba ikiuzwa, kwa hiyo pesa yake usiiguse. Soda kunywa, sina ugomvi na soda.

Ukifika kwenye parseli, anza nje na anza chini. Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni mwa mji, lakini matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa yalipasua ardhi na nyumba hata mahali ambapo lava haikufika. Ndiyo maana mimi nazungumza na majirani kwanza. Mwaka ule palipasuka wapi? Ufa ulielekea upande gani? Jirani hana cha kuuza, atakuonyesha kwa kidole. Kisha ufuate mstari ule kwa miguu mpaka kwenye uzio wa pili.

Mwamba wa lava wenyewe unabeba nyumba vizuri. Balaa ni pale fundi alipojaza kifusi kati ya miamba ili asawazishe, halafu nusu ya chumba ikakaa juu ya mwamba na nusu juu ya kifusi. Nusu ya kwanza haitikisiki, ya pili inashuka kila msimu wa mvua, na ukuta unalipa.

Nyufa si zote sawa. Zile nyembamba kama nywele, zinazotambaa ovyo juu ya plasta, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka, usimtishe mnunuzi kwa ajili yake. Ufa unaopanda kwa ngazi kufuata viungo vya mawe, au unaotoka kona ya dirisha kwa mshazari, huo ufuatilie. Chukua njiti ya kiberiti: ikiingia, andika. Zunguka upande wa pili wa ukuta, ukiukuta na huko ujue ukuta umekatika. Gonga kando yake kwa ufunguo: panapolia kama mtungi mtupu plasta haikushika, na mara nyingi ndipo palipofichwa kitu. Lakini mnunuzi anataka kujua kama ufa umetulia au bado unaendelea, na hilo jicho peke yake haliwezi kusema. Paka plasta nyembamba ya jasi kuvuka ufa, andika juu yake tarehe, rudi baada ya wiki nne. Ikikatika, nyumba bado inatembea. Komisioneri atasema hakuna muda, kuna mteja mwingine anakuja jioni. Huyo mteja wa jioni nimemsikia miaka yote, sijawahi kumwona.

Sasa mazuku, na hapa nisikilizeni vizuri. Upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa, zipo sehemu, ndizo tunazoziita mazuku, ambako hewa ya kaboni dioksidi inatoka ardhini. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inajikusanya mabondeni, mashimoni na kwenye vyumba vya chini, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Imeua watu na mifugo. Kwa hiyo nyumba ya huko yenye chumba cha chini usiishukie peke yako, wala usiiname kuchungulia shimo. Tazama kwanza kama kuna mijusi au ndege waliokufa pale. Waulize majirani kama kuku wamewahi kufa bila ugonjwa. Usitegemee mshumaa, kwa sababu unaweza kuwa bado unawaka wakati hewa imeshakuwa ya hatari. Kama huna kifaa cha kupimia, andika wazi kwamba hukupima, na mwelekeze mnunuzi kwa watu wa OVG, wanaofuatilia volkano na gesi zake.

Kuhusu maji, omba kurudi siku ya mvua. Nyumba iliyokaguliwa mwezi wa saba tu, kwangu haijakaguliwa. Angalia mabati kwa ndani, taa imezimwa: kila nukta ya mwanga ni tundu. Moshi wa mlima una tindikali inayokula bati, na familia nyingi hapa zinakinga maji ya mvua kutoka bati hilohilo. Choo nacho kiulizie, maana mwamba hauchimbiki kirahisi: shimo lina kina gani, lilinyonywa lini, maji yake yanaenda wapi?

Hati si kazi yangu, ila namwambia kila mnunuzi aende kwa conservateur, afisa anayetunza hati za ardhi, kabla ya kutoa hata dola moja. Mimi kazi yangu ni kutazama kama mawe ya mpaka yapo, na kama ukuta haujaingia kwa jirani.

Wauzaji wanadhani sisi ni maadui zao. Papa mmoja wa Katindo aliniita kabla ya kutangaza nyumba yake. Tulirekebisha mfereji wa bati, na ufa mmoja tuliuacha wazi na plasta ya tarehe juu yake, nzima tangu mwaka uliotangulia. Mnunuzi aliushika, akasoma tarehe, wakaanza kuongea bei bila kelele. Na kama nyumba ni yako na huiuzi, safisha mifereji mwezi wa nane kabla mvua hazijarudi, na kila baada ya tetemeko zunguka kuta zote na tochi.

Ripoti iandike kwa Kiswahili cha nyumbani, chumba kwa chumba. Andika pia usichokiona: "Sikupanda darini, ngazi haikuwepo." "Kabati la chumba cha pili halikusogezwa." Nyuma ya kabati ndiko unyevu unakopenda kulala, kwa hiyo kabla ya kuandika hivyo omba kwanza mlisogeze pamoja. Mwenye nyumba akikataa, liandike hilo nalo, pamoja na saa.