Nilivyojenga bwawa la samaki sebuleni hapa Sakina, Arusha (la kwanza lilipasuka)

Nianze na lile la kwanza maana ndo lilinifundisha. Nilikua nataka bwawa lisilochimbwa, yaani unajenga boksi la mbao ndani ya nyumba, unatandika laina (lile plastiki nene la kuzuia maji yasivuje), unajaza maji, basi. Urefu mita 2.4, upana 1.2, kina sentimita 60. Nikamwita fundi wa makabati, mzuri sana kwenye makabati, akacheka akaniambia "bosi hilo si kabati lisilo na mlango tu, siku mbili nishamaliza". Akapiga plaiwudi na misumari, tukajaza maji jioni. Saa nne usiku naona ukuta mrefu umetoa kitambi, nikajisemea labda ndo unakaa sawa, nikaenda kulala. Saa nane kishindo! Zulia la mama watoto lilienda, makochi yalilowa mpaka sponji, na mama mkwe alikua kalala chumba cha pili, hapo tuparuke tu.

Kumbe wengi tunawaza uzito wa maji unaenda chini peke yake, tunasahau unasukuma na pembeni. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo boksi langu likijaa ni lita 1,728, zaidi ya tani moja na nusu, na ule ukuta mrefu peke yake unasukumwa nje kwa nguvu kama ya kilo 430. Na hii ndo watu hawaijui, ukiongeza kina mara mbili msukumo hauwi mara mbili, unakua mara nne. So ukitaka samaki wapate nafasi ongeza urefu au upana, kina kiache hapo hapo.

La pili nikajenga kama najenga paa. Mbao za inchi mbili kwa nne, sayprasi iliyokauka (mbichi zinapinda, usidanganywe na bei), nguzo kila baada ya sentimita 40, fremu imezunguka chini na juu, bolti na skrubu, msumari hata mmoja hakuna. Plaiwudi ya milimita 18 ikae upande wa ndani ili maji yaikandamize kwenye nguzo, yule fundi aliipiga kwa nje kwa hiyo maji yalikua yanaibandua. Halafu juu katikati weka mbao inayovuka kutoka ukuta huu mpaka ule, maana kitambi huanzia katikati. Kama unakaa ghorofani achana na hii habari kabisa, hapa kila mita moja ya mraba inabeba kilo 600 na sakafu za ghorofa za kuishi kwa kawaida zinapigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200 hivi.

Laina nunua ile nyeusi ya mabwawa ya kumwagilia, turubai la buluu litavuja tu. Kwa vipimo vyangu nilikata mita 4.2 kwa 3, hapo kuna ya kupanda kuta na ya kukunjia juu. Chini tandika blanketi kuukuu.

Sasa samaki. Nilikua na haraka, siku ya tatu nikaweka perege kumi na mbili, ndani ya wiki mbili nimebaki na wanne. Maji yalikua meupe kabisa lakini ni sumu, kwa sababu kinyesi na chakula vinatoa amonia na wale bakteria wa kuibadilisha wanachukua kama wiki nne mpaka sita kuzaliana. Bakteria wanataka mahali pa kukaa, na sisi wa Chuga (Arusha) tuna bahati, yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu vitundu yamejaa tele. Nimeyaosha nikayajaza kwenye pipa, pampu inapandisha maji yanapita humo yanarudi. Usije ukayaosha tena kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria wote, yasuuze na maji ya bwawa lenyewe. Maji mapya pia nayalaza siku mbili kwenye simtenki wazi kabla sijayaingiza.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya hapa unaijua. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege wanakula kidogo sana, yakikaribia 15 wanagoma, na mimi nilikua nazidisha chakula nikidhani wanaumwa, kikaozea chini. Kama huna hita weka samaki wa dhahabu, wao baridi hawana shida nayo.

Umeme ukikatika pampu inasimama, kwa hiyo nina kipampu cha hewa cha betri pembeni. Waya za pampu ziache zining'inie chini ya soketi kwanza ndo zipande, tone la maji likitembea kwenye waya lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye soketi. Na juu funika na wavu, perege mmoja nilimkuta asubuhi chini ya meza ya tivii, kakauka kama wa gengeni.